Refujiamu: kuunganisha tangi la pili na tangi kuu bila kumwaga maji sakafuni

Neno refujiamu limetoka katika Kilatini na maana yake ni mahali pa kukimbilia. Kwa sisi tunaofuga samaki wa maji chumvi, wanaokimbilia humo ni viumbe wadogo ambao katika tangi kuu wangeliwa kabla hawajazaana: kopepodi, amfipodi, minyoo, uduvi wachanga. Unawapa tangi lao lisilo na samaki, unawawekea mwani na mawe, unapitisha humo maji yale yale ya tangi kuu, na kila siku wachache wao wanachukuliwa na mkondo hadi kwa samaki wakawa chakula hai. Mwani nao kadiri unavyokua ndivyo unavyonyonya nitrati na fosfati zinazotokana na chakula na kinyesi cha samaki. Ukivuna konzi ya mwani ukaitoa, uchafu ule umetoka nao.

Hayo ndiyo yanayomvuta mtu. Kinachomtesa ni mabomba. Wengi wanaotaka refujiamu huuliza kwanza mwani gani au taa gani. Mimi huwauliza swali jingine: umeme ukikatika saa nane usiku nawe umelala, maji yataishia wapi? Mwenye jibu lenye tarakimu yuko tayari kuanza kazi. Asiye nalo asikate hata bomba moja.

Pampu iwe moja

Maji huteremka yenyewe. Kupanda ndiko kunakotaka nguvu. Basi upande mmoja maji yasukumwe na pampu, na upande wa pili yarudi kwa kuteremka tu, yakifurikia kwenye mdomo wa bomba ambao kimo chake hakibadiliki. Pampu ikiongeza kasi, yanayoteremka nayo yanaongezeka. Ikipunguza, yanapungua. Ikizimika, yanasimama. Hakuna mtu anayehitaji kukesha akirekebisha koki.

Mara yangu ya kwanza sikufanya hivyo. Nilikuwa na matangi mawili yaliyokaa bega kwa bega, nikanunua pampu mbili za aina moja, moja ya kupeleka maji na moja ya kuyarudisha, nikaamini kwamba pampu zikiwa sawa na maji yatakuwa sawa. Mchana kutwa yalikuwa sawa kweli. Kulipokucha nilikanyaga maji kabla sijawasha taa. Pampu moja ilikuwa imenasa uzi mwembamba wa mwani kwenye mdomo wake, ikapoteza kasi kidogo. Piga hesabu: tofauti ya lita 20 kwa saa, ambayo hata ukitazama mdomo wa bomba huioni, kwa usiku wa saa nane ni lita 160. Inatosha kumaliza tangi dogo lote. Tangu siku hiyo sijawahi kumshauri mtu atumie pampu mbili, hata awe na koki nzuri namna gani, kwa sababu pampu huchakaa, hushika chokaa na hunasa takataka kila moja kwa wakati wake.

Tangi la pili likae wapi

Njia ninayoipenda ni kuliweka chini, ndani ya kabati la tangi kuu. Maji yanafurika kutoka juu, yanashuka refujiamu, yanapita katikati ya mwani, kisha pampu iliyo mwisho wa tangi hilo inayapandisha tena. Viumbe wadogo hulazimika kupita ndani ya pampu, na wapo wanaoogopa kwamba watasagwa. Wengi hupita salama kwa sababu ni wadogo mno, kwa hiyo hilo lisikukoseshe usingizi.

Kuliweka juu, kwenye rafu kando ya tangi kuu, kunamfaa mtu ambaye tangi lake limeshajaa samaki na hawezi kulitoboa. Hapa pampu inakaa ndani ya tangi kuu, inapandisha maji, na refujiamu ndiyo inayotobolewa ili ifurike na kurudi chini taratibu. Viumbe wanaanguka kwa samaki bila kugusa pampu. Hatari yake ni hii: bomba la kushushia likiziba, pampu itaendelea kupandisha maji hadi refujiamu imwagike sakafuni. Kwa hiyo usiiweke pampu chini kabisa ya tangi kuu. Itundike juu, mdomo wake uwe sentimeta 3 au 4 tu chini ya uso wa maji. Mambo yakiharibika itavuta hewa mapema. Pampu inaweza kuungua, lakini samaki watabaki na maji yao.

Matangi yakiwa kwenye usawa mmoja, yatobolewe yote mawili kwa kimo kimoja na kuunganishwa kwa bomba pana, halafu pampu moja isukume kutoka hili kwenda lile. Wengine badala ya kutoboa huweka bomba lililopinda kama U iliyogeuzwa juu ya kingo mbili na kutegemea mvuto wa maji. Linafanya kazi hadi viputo vya hewa vikusanyike kwenye pindo la juu, na hapo mvuto unakatika bila taarifa. Mimi siliamini.

Popote utakapoliweka, kumbuka uzito. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban kilo 1.025. Tangi la lita 100 likiwa na kioo, mchanga na mawe hupita kilo 120 kwa urahisi. Rafu ya vitabu haiwezi. Weka pimamaji juu ya meza au kabati kabla ya kuweka tangi, kwa urefu na kwa upana, maana tangi lililoinama huweka nguvu zote kwenye mshono mmoja wa silikoni.

Na tangi lenyewe likiwa la mitumba, uliza lilitumika kwa nini. Lililowahi kutiwa dawa ya shaba ya kutibia samaki usilitumie kabisa kwa kazi hii. Shaba hubaki, na kiasi kidogo ambacho samaki hakimshtui kinawaua uduvi, konokono na hao kopepodi unaotaka kuwafuga. Kama ni salama, lijaze maji matupu uliache siku mbili mahali ambapo likivuja halina hasara.

Hesabu kabla ya bomba

Chukua rula, karatasi na kalamu. Nitatumia vipimo vya mfano. Wewe weka vyako.

Tuseme tangi kuu lina urefu wa sentimeta 120 na upana wa 50, na refujiamu iko chini, urefu 80, upana 40, kimo 40. Pampu ikizimika, maji ya tangi kuu yataendelea kushuka hadi yafike chini ya meno ya sanduku la mfuriko, yaani kisanduku kilicho ukingoni ambacho maji hufurikia humo kabla ya kushuka bombani, na bomba la kurudishia maji juu nalo litavuta maji kinyume hadi mdomo wake uingie hewa. Tuseme vyote viwili vinashusha uso wa maji kwa sentimeta 3. Hiyo ni 120 × 50 × 3, yaani sentimeta za ujazo 18,000, au lita 18. Ongeza lita moja au mbili zilizomo ndani ya mabomba yenyewe. Lita 20 zikiingia kwenye tangi la 80 kwa 40 zinapandisha maji kwa zaidi kidogo ya sentimeta 6. Kwa hiyo refujiamu ya kimo cha 40 isiendeshwe juu ya 30. Sentimeta 10 za juu ziache tupu siku zote, hata kama moyo unakuambia nafasi inapotea bure.

Sasa geuza swali. Umeme upo, lakini bomba la kushushia limeziba. Pampu itapandisha maji yote inayoweza kuyafikia. Hapa ndipo vizuizi vya kioo ndani ya refujiamu vinapokuokoa. Gawa tangi hilo vyumba vitatu: cha kupokelea maji, sentimeta 15, cha katikati chenye mwani, 45, cha pampu, 20. Vizuizi viwe na kimo cha 30, ili chumba cha katikati kibaki kimejaa hata cha pampu kikikauka. Pampu basi inaweza kuiba maji ya chumba chake tu. Kama juu ya mdomo wake kuna kina cha sentimeta 15, hiyo ni 20 × 40 × 15, lita 12. Zikienda juu zinainua tangi kuu kwa sentimeta 2. Ukiwa umeacha sentimeta 4 kati ya uso wa maji na ukingo, hakuna tone litakalomwagika.

Chumba kidogo cha pampu kina bei yake. Maji yanayopotea kwa mvuke kutoka mfumo mzima huonekana hapo peke yake, kwa sababu kwingine kote kimo kimeshikwa na mfuriko na vizuizi. Lita 3 zikikauka, chumba hicho kinashuka karibu sentimeta 4 kwa siku moja. Utaongeza maji baridi yasiyo na chumvi kila siku, ama kwa mkono, ama kwa boya linalofungua maji kutoka kwenye ndoo ya akiba. Chumvi haipandi na mvuke, kwa hiyo ukijazia maji ya chumvi utakuwa unaongeza chumvi juu ya chumvi. Ndoo ya akiba iwe ndogo pia, ili boya likikwama lisiingize maji mengi matupu kwa mkupuo.

Kutoboa

Kuna masanduku ya mfuriko ya kuning'iniza ukingoni, yasiyotaka tundu. Mengi yanategemea mvuto ule ule wa U, nami nimeshasema ninavyouona. Tangi likiwa bado tupu, litoboe.

Kwanza hakikisha kioo si cha kukazwa kwa moto, kile kinachopasuka kuwa chembechembe. Hicho hakitoboleki, ukigusa tu kinasambaratika chote. Njia ya kujua: washa skrini nyeupe ya kompyuta nyuma ya kioo, vaa miwani ya jua ya polaroidi, tazama. Ukiona mistari au madoa meusi yaliyojipanga, kioo kimekazwa, kiache. Matangi mengi yana kitako cha namna hiyo hata kama pande zake ni kioo cha kawaida, kwa hiyo pima kila upande unaotaka kutoboa.

Konekta ya tangi, yaani kiungo kinachopitisha bomba kwenye kioo, inunuliwe kabla ya msumeno wa duara, kwa sababu tundu hufuata mwili wa konekta wala si kipimo cha bomba kilichoandikwa juu yake. Tumia msumeno wenye unga wa almasi. Kati ya ukingo wa tundu na ukingo wa kioo ubakize nafasi isiyopungua upana wa tundu lenyewe. Bandika utepe nyuma ya mahali pa kutoboa ili kipande kisianguke na kupasua kitako. Dirili iende polepole, maji yamiminike juu yake muda wote, na mkono wako usisukume. Uzito wa dirili unatosha. Kioo cha milimeta 8 kinaweza kuchukua dakika kadhaa. Utasikia sauti ikibadilika karibu na mwisho, kutoka mkwaruzo mzito kuwa mwembamba wa kulia. Hapo legeza mkono zaidi, maana wengi huvunja kioo kwenye nusu milimeta ya mwisho.

Raba ya konekta hukaa upande wenye maji, chini ya kile kichwa kipana. Kaza nati kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko. Ukiikaza kwa spana kubwa, plastiki inapasuka au raba inateleza na kuvuja.

Mabomba

Bomba la kushushia liwe pana kuliko la kupandishia. Langu la kupandishia ni la milimeta 20, la kushushia ni la 32. Weka mabomba mawili ya kushushia, hata kama moja linatosha: la pili mdomo wake uwe juu kidogo ya la kwanza, sentimeta 2 hivi, likae kavu siku zote likingoja siku ya balaa. Bomba hilo la akiba usiliwekee koki. Koki ikiwepo, iko siku mtu ataifunga.

Juu ya mdomo wa kila bomba la kushushia weka kichujio cha matundu makubwa. Konokono hupenda sana maeneo hayo. Niliwahi kukuta mmoja amejibana barabara kwenye mdomo wa milimeta 25, gamba lake limekaa kama kizibo kilichochongwa kwa kazi hiyo, na maji yamepanda hadi kwenye bomba la akiba yanashuka humo kwa kelele. Kelele hizo ndizo zilizoniamsha.

Bomba la kurudishia maji juu lina ugonjwa wake. Mdomo ukizama sana, umeme ukikatika unageuka kuwa mvuto wa kurudi chini, na utamwaga maji hadi kimo cha mdomo huo. Watu hutoboa kitundu kidogo chini kidogo ya uso wa maji ili hewa iingie, na wengine huweka valvu ya njia moja. Kitundu huziba kwa mwani na chokaa. Valvu hunasa konokono mdogo au punje ya mchanga na kubaki wazi. Vitumie ukipenda, lakini hesabu yako ya lita ifanywe kana kwamba havipo. Dawa ya kudumu ni kuuweka mdomo wenyewe sentimeta moja tu chini ya uso wa maji.

Weka yunioni karibu na pampu ili uweze kuifungua na kuiosha bila kukata bomba. Viungo vya PVC vipigwe msasa kidogo, vipakwe gundi pande zote mbili, visukumwe na kuzungushwa robo, kisha viachwe saa 24 kabla ya kuguswa na maji. Kabla ya gundi, panga kila kitu kikavu na uchore mstari kwa kalamu kwenye kila kiungo, kwa sababu gundi ikishashika hakuna kurudi nyuma.

Kuhusu pampu: namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya maji yasiyopanda popote. Kila sentimeta ya kupanda inapunguza, na kila kiwiko kinapunguza tena. Pima mwenyewe kwa ndoo. Kama ndoo ya lita 10 inajaa kwa sekunde 60, una lita 600 kwa saa. Kwa refujiamu ya lita 80 napenda maji yapite mara 5 hadi 8 kwa saa, yaani kati ya lita 400 na 640. Yakiwa mengi sana mwani unasukumwa kwenye kizuizi na kulundikana. Yakiwa machache mno, takataka zinatua juu yake na kuuozesha kutoka ndani.

Nyaya zote zishuke kwanza chini ya usawa wa soketi, kisha zipande kuingia, ili tone likifuata waya lidondoke kwenye pindo badala ya kuingia kwenye umeme. Saketi iwe na kikata umeme cha uvujaji cha miliampea 30. Hili si la kuahirisha.

Jaribu kwa maji matupu

Jaza mfumo maji ya bomba yasiyo na chumvi wala kiumbe, washa, acha yazunguke. Kama tangi kuu tayari lina samaki, tumia pipa au beseni mahali pake kwa siku hiyo. Ni usumbufu, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na samaki wakikauka hawafufuki.

Zima pampu ghafla. Simama na rula, tazama refujiamu ikipanda hadi isimame, weka alama kwa kalamu ya wino mzito. Washa tena. Rudia mara tano. Kisha ziba bomba kuu la kushushia kwa kiganja na uone kama lile la akiba linabeba maji yote. Halafu ziba yote mawili kwa kitambaa na usubiri pampu imalize maji ya chumba chake. Tazama tangi la juu limebakiza sentimeta ngapi. Hapo ndipo utakapojua kama hesabu yako ya karatasini ilikuwa ya kweli. Acha mfumo uzunguke siku nzima, na usiku upitishe karatasi kavu ya kufutia chini ya kila kiungo. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiusikii.

Kuna alama moja ya kuacha daima kwenye kioo cha chumba cha pampu: mstari wa kimo cha juu kabisa mfumo ukiwa unazunguka. Usijaze juu ya mstari huo hata siku moja. Mafuriko mengi hutokea kwa sababu mtu aliongeza maji wakati pampu imezimwa, au aliona chumba kina nafasi akakijaza, akasahau kwamba nafasi ile ilikuwa imewekwa kwa ajili ya zile lita 20.

Kuingiza maji, mchanga na mwani

Maji ya refujiamu yafanane na ya tangi kuu kabla ya kukutana. Chumvi ya sehemu 35 kwa elfu, ambayo kwa kipimo cha uzito wa maji ni takriban 1.026, na joto lisilotofautiana zaidi ya nyuzi moja. Mawe makavu mapya yaloweke kando kwanza na kuyapima fosfati, kwa kuwa mengine huitoa kwa wiki kadhaa. Kama tangi la pili lilikuwa linakaa samaki, jua kwamba ukiliunganisha umeunganisha na magonjwa yake yote. Lisikae na samaki kwa wiki 6 hadi 8 kwanza ili vijidudu vya madoa meupe vikose pa kuishi.

Mchanga si lazima. Ukiuweka, ama uwe tabaka jembamba la sentimeta 2 linalosafishika, ama uwe wa kina cha 10 au zaidi ambao chini yake hakuna oksijeni na bakteria hugeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni. Kina cha katikati hukusanya uchafu bila kutoa faida hiyo. Mimi siku hizi naacha kitako kitupu, naweka mawe machache yenye vitundu, kwa sababu nataka kuona takataka na kuzivuta kwa mpira.

Mwani wa kuanzia ni Chaetomorpha. Unafanana na uzi wa kuvulia samaki uliojisokota, kijani kibichi, mkavu mkavu mkononi. Haushiki kwenye mawe, unavunika kwa kukata kipande na kuondoka nacho, na mara chache huleta matata. Caulerpa hukua haraka na ni mzuri wa kutazama, lakini una tabia ya kumwaga mbegu zake zote kwa pamoja: unakuwa mweupe kama kioo, maji yanageuka kama maziwa, na kila ulichokuwa umenyonya kinarudi tangini kwa usiku mmoja. Kwa anayeanza sioni sababu ya kuuchagua.

Wakulima wa kopepodi huwauza kwa chupa. Wamimine usiku, pampu ikiwa imezimwa kwa saa moja, kwenye mawe na mwani, ili washike mahali kabla mkondo haujawabeba. Ukikosa chupa, kipande cha jiwe hai, yaani jiwe lenye viumbe wanaoishi ndani yake, kutoka tangi la mfugaji mwenzako mwenye tangi safi kinatosha. Itachukua muda mrefu zaidi.

Taa

Taa nyeupe ya takriban Kelvini 6,500 au ile nyekundu na buluu ya kukuzia mimea, zote zinafaa. Iwashe usiku, taa za tangi kuu zikizimwa. Mchana mwani wa tangi kuu na matumbawe hula kaboni dioksidi na pH, kipimo cha uasidi wa maji, inapanda. Usiku kila kiumbe anapumua tu na pH inashuka. Mwani wa refujiamu ukiwa na mwanga wakati huo, unaila ile kaboni dioksidi na mteremko unapungua. Anza na saa 8, ongeza hadi 12 au 14 ukiona mwani unakua lakini nitrati bado iko juu. Kinga taa isirukiwe na maji ya chumvi, na mwanga usivuje hadi chumba cha pampu, la sivyo pampu nayo itaota nywele za mwani.

Kwa maji baridi

Kila nilichosema kuhusu mabomba kinabaki vile vile. Mahali pa Chaetomorpha weka mimea inayokua upesi, kama Ceratophyllum, au mimea ya nchi kavu ambayo mizizi yake tu ndiyo iliyo majini. Mahali pa kopepodi weka uduvi wadogo wa maji baridi. Watoto wao watakaoshuka na mkondo, samaki hawatawaacha.

Kuvuna na kungoja

Wiki mbili za mwanzo usiuguse mwani. Ukishajaza chumba chake hadi haujigeuzi tena kwa mkondo, toa theluthi moja, ukung'ute ndani ya ndoo ya maji ya tangi kabla ya kuutupa. Tazama maji hayo mbele ya taa: utaona vitone vyeupe vikiruka mruko mmoja mmoja, na vingine vilivyopinda kama koma vikitambaa kando. Warudishe hao.

Mwani uliovunwa ukaushwe juani hadi ufe kabisa, kisha utupwe na taka za nyumbani. Usiutupe baharini, mtoni wala kwenye mfereji. Caulerpa taxifolia iliyotoka kwenye matangi ilionekana bahari ya Mediterania mbele ya Monaco mwaka 1984, ikatambaa na kufunika mapana makubwa ya sakafu ya bahari; mwaka 2000 ikagunduliwa California, na ikachukua miaka kuing'oa.

Pima nitrati na fosfati kila wiki. Nitrati kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita inanitosha. Ikifika sifuri, mwani utapauka na kukatikakatika, matumbawe yatapoteza rangi, na utando wa kahawia wenye viputo unaweza kutanda mchangani. Punguza saa za taa, au lisha samaki zaidi kidogo. Kila baada ya miezi mitatu ifungue pampu na uiloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hadi chokaa itoke.

Kisha ngoja. Miezi mitatu, pengine sita. Saa mbili baada ya taa za tangi kuu kuzimwa, ingia gizani na tochi, umulike kioo kwa pembeni. Ukiona vitone vyeupe vinatembea kioo kizima, juu hadi chini, na ukiviona tena wiki inayofuata na ile ya tatu, hapo ndipo unapoweza kuanza kufikiria samaki mandarini, ambaye mchana kutwa kazi yake ni kuchuna kopepodi mmoja mmoja kwenye mawe.